Mwisho Nilioukosea

Kama umeambiwa wiki hii kwamba una kifua kikuu sugu, na umerudi nyumbani ukakuta sahani yako imetengwa peke yake juu ya ndoo, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, nina kibanda changu Igoma, na nina miaka hamsini na miwili. Dawa zinafanyaje kazi mwilini, hilo silijui. Nitakueleza nilivyoishi nazo miezi kumi, na mahali nilipokosea.

Lazima nianze na vitabu, kwa sababu ndivyo vilivyobaki watu walipoondoka.

Wapo waandishi wa riwaya watatu ninaowapenda kuliko wengine. Sitawataja kwa majina. Wasomaji ni kama washabiki wa mpira, nikitaja wangu utaacha kunisikiliza uanze kutetea wako. Nyumbani nilikuwa nawaita Mzee, Bibi na Binti. Mzee alikufa kabla sijazaliwa. Bibi aliandika katika lugha ya nchi ya baridi, nami nilimsoma kwa tafsiri. Wahusika wake wanaweza kula chakula kurasa tatu bila kusema neno, na wewe msomaji jasho likakutoka. Binti yu hai, ni mdogo kwangu kwa miaka kama ishirini, anaandika habari za watu wa vyumba vya kupanga, wenye simu zilizopasuka vioo na ndoa zilizopasuka vilevile. Kila alipotoa kitabu kipya niliagiza Dar, kikaja kwa basi.

Lakini wa kwanza ni Mzee. Riwaya yake ninayoipenda ni ya mpasua mawe mmoja mkaidi. Anamfukuza mkewe kwa maneno ya majirani, halafu anagundua kuwa majirani walisema uongo. Basi anatumia miaka mingi kujenga nyumba ya mawe juu ya kilima, peke yake, ili mke akisikia habari zake arudi. Nilikikuta kitabu hicho kwenye kabati la shule kule Kagera nikiwa kidato cha kwanza, jalada limeng'oka. Nilikitengenezea jalada la kitambaa chekundu, na mwalimu alipouona mshono ule akaniambia nikae nacho. Nimekisoma mara nyingi mno, hesabu imenipotea.

Mke wangu Verdiana hakuwa msomaji, lakini alinizoea. Akinikuta nimeacha pindo la suruali ya mtu katikati, alikuwa anauliza, "Baba Anitha, leo ni yupi aliyekushika?"

"Mzee."

"Mwambie suruali ina mwenyewe."

Anitha ni mtoto wetu wa pekee. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano.

Nilianza kukohoa mwezi wa pili. Nikasema ni vumbi la vitambaa. Verdiana akaniambia niende kupima, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Akaniambia tena Pasaka ilipopita. Akaniambia tena mvua za masika zilipokatika. Ukweli ni kwamba niliogopa, na mtu anayeogopa akiwa na kitabu kizuri mkononi ana mahali pa kujificha. Usiku shati lililowa jasho hadi nikalikamua. Siku moja nilijipima kiuno kwa utepe wangu wa kazi, nikakuta nimepungua inchi tano. Nikaurudisha utepe shingoni nikaendelea kushona sare za shule. Nilikohoa miezi minne namna hiyo, katika nyumba ya vyumba viwili, mbele ya mtoto.

Mwezi wa sita nilitema damu kwenye kitambaa cheupe cha mteja. Siku hiyo nikaenda.

Aliyenipa majibu ni muuguzi kijana aitwaye Sista Neema. Alinisalimu kwanza, "Shikamoo baba," akavuta kiti, akaniambia kwamba ni kifua kikuu, na ni kile sugu, ambacho dawa za kawaida hakiziogopi. Kisha akasema, "Nyumbani mko wangapi?"

Nikasema watatu. Wala sikuwa nimewafikiria hadi alipouliza.

Verdiana na Anitha walipimwa kesho yake. Majibu ya Verdiana yalitoka mapema, yakawa mazuri. Ya Anitha yalichelewa siku tatu. Siku hizo tatu mke wangu hakunisemesha. Alipika, akapakua, akaketi mlangoni na Anitha, amempakata kichwa mapajani kama mtoto mchanga, msichana mkubwa vile. Mimi nilikaa chumbani. Nilijaribu kumfungua Mzee nikashindwa. Nilisikiliza tu kama Anitha atakohoa.

Majibu yalikuwa mazuri. Hakuwa na kitu. Nikadhani sasa tutapumua. Jioni ile ile Verdiana akaanza kukunja nguo.

"Unakwenda wapi, mama Anitha?"

"Bukoba, kwa mama. Anitha nitamtafutia shule kule kule."

"Wamesema nikishaanza dawa, baada ya muda siambukizi."

"Nimesikia walichosema." Akaendelea kukunja. "Mimi sikimbii ugonjwa. Ungeniambia tarehe ya kwanza unaumwa, ningekuuguza mpaka mwisho. Nilikuomba miezi minne. Minne, Baba Anitha. Ukaniambia vumbi."

La kusema nililipata siku nyingi baadaye, na hakuwepo wa kuambiwa. Waliondoka kwa basi. Anitha alinipungia mkono akiwa mbali, barakoa imemfunika uso mpaka machoni.

Kiangazi hicho kilikuwa cha upepo. Kila asubuhi nilitembea hadi kliniki, nikichoka napanda bodaboda. Wagonjwa wa kifua tulikuwa na benchi letu la nje, chini ya paa la bati lisilo na kuta ili hewa ipite. Ulimeza vidonge mbele ya muuguzi, kisha ukakaa nusu saa aone kama hutapiki. Benchi lilikuwa refu, na kila mtu alikaa mbali na mwenzake. Hata sisi wenyewe tuliogopana.

Mwili ulibadilika kwa dawa. Ngozi iliiva, ikawa nyeusi ya zambarau, hasa usoni, hadi mteja niliyemshonea miaka kumi alinipita barabarani bila kunijua. Au alinijua. Miguu ilikufa ganzi, nikawa natembea kama niliyevaa soksi zilizojaa mchanga. Wateja waliokuwa na nguo zao kwangu walituma watu kuzichukua, na waliotumwa walizibeba kwa ncha za vidole. Mwalimu mmoja wa Butimba, ambaye tulikuwa tunaazimana riwaya miaka kumi na mbili, alinirudishia vitabu vyangu vyote saba kwa bodaboda, vimefungwa kwenye mifuko miwili ya nailoni. Hakukuwa na barua. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa na riwaya yake moja kwangu, ya Bibi, na hakuiulizia tena. Ninayo hadi leo.

Nataka nikiri kwamba miezi ile miwili ya mwanzo sikuumia kama nilivyotarajia. Nilikuwa peke yangu, lakini nilikuwa na muda wa kusoma ambao sijawahi kuupata maishani. Asubuhi dawa, kisha uji, kisha nakaa nyuma ya kibanda na Mzee, au Bibi. Wao hawakuvaa barakoa. Ukurasa wa Mzee uliponipokea, ulinipokea kama zamani. Niliwahi hata kumwambia kwa sauti, "Umebaki wewe."

Mwezi wa tatu wa dawa, jalada lile jekundu likawa rangi ya matope.

Nilidhani ni jua limelichakaza. Nikachukua uzi mwekundu kwenye sanduku langu la kazi, nikauweka kando ya uzi wa kahawia. Sikuweza kuzitofautisha. Fundi niliyeshona miaka thelathini, nikawa nazigeuzageuza nyuzi mbili kama mtoto.

Nilijua maana yake. Sista Neema alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba moja ya dawa zile inaweza kugusa macho, ndiyo maana kila mwezi walitupima kwa ubao wa herufi. Nilijua pia, kwa maneno ya benchi, kwamba anayebadilishiwa dawa huongezewa miezi. Nami nilikuwa nahesabu miezi kama mfungwa. Nilitaka kumaliza, niende Bukoba na karatasi ya kupona mkononi, nisimame mbele ya Verdiana.

Kwa hiyo nilidanganya. Ubao wa herufi ulitundikwa ndani ya chumba, na mlango ulikuwa wazi. Nilikaa benchini nikawasikiliza waliotangulia wakizitaja, mstari kwa mstari. Mtu aliyekariri kurasa nzima za riwaya hashindwi na mistari sita ya herufi. Zamu yangu ilipofika, nikazisoma zote hadi zile ndogo za chini kabisa.

"Macho ya kijana, baba," Sista Neema alisema, akaandika.

Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu cha Mzee kujithibitishia kwamba kweli naona. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafurahi. Kisha nikageuza ukurasa, na mdomo wangu ukaendelea na maneno kabla macho hayajatua. Nikasimama hapo. Nikakisogeza kitabu juani, nikakiinamia. Katikati ya ukurasa palikuwa na ukungu, na maneno yalikuwa pembeni pembeni tu kama wadudu. Nilikuwa sisomi. Nilikuwa nakariri, na sijui nilikuwa nimekariri kwa wiki ngapi nikidhani nasoma.

Kesho yake basi la Dar lilileta kitabu kipya cha Binti, nilichokuwa nimeagiza kabla sijaugua. Nilikifungua palepale stendi. Harufu ya karatasi mpya ilikuwa ileile. Kwenye ukurasa wa kwanza sikuweza kupata hata neno moja, na kitabu hiki sikuwa nimekikariri. Binti alikuwa anasema, na mimi simsikii.

Nililia stendi, watu wakipita na mizigo. Kisha nikapanda bodaboda moja kwa moja hadi kliniki.

Sista Neema alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atanifokea. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Baba, ule ubao hatuutumii kwa faida yangu. Yangu macho haya hapa."

"Nilitaka nimalize mapema."

"Ungemaliza mapema, ndiyo. Ungemaliza kipofu."

Daktari aliisimamisha ile dawa siku hiyohiyo, akaweka nyingine, na miezi ikaongezwa. Nikauliza kama macho yatarudi. Akasema kwa wengi yanarudi, polepole. Kwa wengine yanarudi nusu. Hakuniahidi, na ninamshukuru kwa hilo. Wewe unayesoma haya, ukiona rangi inakukimbia au herufi zinakukwepa, sema siku hiyohiyo. Usingoje kama nilivyongoja mimi, mara ya kwanza na mara ya pili.

Mvua za vuli zilianza. Ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Sikuweza kushona, sikuweza kusoma. Nilikaa kibandani nikisikiliza maji yanapiga bati na watu wakicheka wakikimbilia barazani kwa jirani. Kwangu hawakukimbilia. Vitabu vilikuwa juu ya rafu, migongo yao yote ya kijivu. Miaka yangu yote nilikuwa nimejisifu kwamba msomaji hawezi kuwa mpweke. Nilikuwa sijawahi kuwa mpweke, nilikuwa na macho tu.

Anitha alipiga simu kila Jumapili, dakika tano, sita. Nilimsikia Verdiana nyuma yake akiosha vyombo. Hakuwahi kuomba simu, nami sikuomba apewe.

Ili nisichanganyikiwe, nilianza kujisimulia riwaya ya Mzee kwa kunong'ona. Niliifanya hata benchini, ile nusu saa ya kusubiri.

Vuli hiyo alikuja mgonjwa mpya, Mama Getruda, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, mwanika dagaa wa Igogo. Vidonge vilimkataa. Alitapika mara mbili, akaambiwa arudie, akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima kwamba kesho haji. "Nimeishi vizuri miaka sitini bila vidonge. Nitakufa nikiwa na hamu ya kula."

Nilikuwa nimekaa upande wa pili nikinong'ona. Akanigeukia.

"Wewe fundi, unasali?"

"Shikamoo mama. Sisali, namkumbuka mtu."

"Marahaba. Nani?"

"Mpasua mawe mmoja."

"Wa Mabatini? Nawajua wapasua mawe wengi mimi."

"Wa kitabuni, mama."

Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna pa kwenda. "Basi mkumbuke kwa sauti," akasema.

Nilimsimulia namna mpasua mawe alivyomfukuza mkewe. Mama Getruda hakuwahi kusoma kitabu, hakujua kusoma, lakini sijapata kuona msikilizaji kama yule. Alimtukana mpasua mawe kwa Kisukuma. Alitaka kujua yule mke alikwenda kwa nani, ana watoto wangapi, alibeba nini kichwani. Mambo mengine kitabu hakisemi, nikamwambia hivyo, akasema, "Basi mwandishi wako hajawahi kufukuzwa." Alipogutuka nusu saa imekwisha, na vidonge vilikuwa bado tumboni.

Kesho yake alikuja. Akaja na kesho kutwa. Wagonjwa wengine walianza kusogea, kila mtu akiacha nafasi yake lakini masikio yakiwa huku. Siku moja Sista Neema alinivuta pembeni akaniambia, "Baba, hiyo hadithi yako ni ndefu?"

"Ni ndefu kiasi."

"Irefushe."

Nikairefusha. Nilimleta Bibi ndani yake, nikakopa chakula kile cha kimya. Nikamleta na Binti, mpasua mawe akapata jirani mwenye simu iliyopasuka, na hakuna aliyelalamika. Sikuwa nimewahi kuwapenda wale watatu kama nilivyowapenda asubuhi zile, nikiwa siwaoni.

Krismasi ilipita. Niliila peke yangu, wali na samaki aliyeletwa na Mama Getruda kwenye bakuli, alipojua mke wangu aliondoka. Katikati ya Januari, asubuhi moja yenye jua, nilikuwa nasimulia nikanyamaza ghafla.

"Vipi?" Mama Getruda akauliza.

"Mama, kanga yako ni nyekundu?"

Akaitazama. "Ulidhani ya rangi gani miezi yote hii?"

Sikuweza kuendelea siku ile. Walinisubiri tu. Yule bwana wa pembeni kabisa, ambaye hakuwahi kusema nami neno, alikuja akakaa karibu yangu hadi nusu saa ikaisha.

Mwisho wa Januari Mama Getruda alihamishiwa zahanati ya karibu na kwake. Asubuhi ya mwisho akaniambia, "Leo nimalizie. Sitaki kwenda kumeza vidonge huko nikiwaza nyumba ya mtu haijaisha."

Nikammalizia. Nikamwambia mke alisikia habari za nyumba ya mawe akiwa mbali, akasafiri, akapanda kilima. Akasimama akiitazama ile nyumba kwa muda mrefu. Mpasua mawe akatoka, mikono imejaa vumbi. Mke akapita mlangoni, akaketi kitini, akaomba maji ya kunywa.

Mama Getruda alipiga makofi mara moja, akafuta macho. "Mungu ni mwema," akasema. Akaenda zake.

Nilimaliza dawa mwishoni mwa Machi. Sista Neema alinipa karatasi, akanipa na mkono, ngozi kwa ngozi, akaubana. Nilikuwa nimesahau mkono wa mtu una joto kiasi gani. Macho yalikuwa yamerudi zaidi ya nusu. Kwa miwani mpya nilisoma gazeti, herufi ndogo zikanikataa. Sikwenda Bukoba na karatasi yangu. Nilimtumia Verdiana picha ya ile karatasi kwa simu. Akajibu, "Nashukuru Mungu." Hakuongeza kitu, na wala hakusema anarudi.

Masika yale nilisoma kitabu kipya cha Binti kwa wiki tano, kurasa chache kwa siku, kidole chini ya mstari. Sijui kama ni kitabu chake bora. Kila sentensi ilikuwa mpya kwangu, na hilo lilitosha. Nilipokimaliza nikamchukua Mzee, nianze tena tangu mwanzo, safari hii kwa macho.

Kurasa za mwisho zilinikuta mchana, kibandani, mvua ikinyesha. Mke anasikia habari za nyumba. Anasafiri. Anafika chini ya kilima, anaiona nyumba ya mawe juu, imara, moshi unatoka. Anaitazama. Kisha anajitwika mzigo wake, anashika njia ya kijiji kingine. Mpasua mawe yuko ndani, anachonga jiwe la kizingiti, hamwoni. Riwaya inaisha.

Niliusoma mara tatu. Hapakuwa na maji. Hapakuwa na mlango. Mzee hakuwahi kuandika vile. Mimi, niliyejidai kumjua mtu yule kwa moyo tangu utotoni, nilikuwa nimemgeuzia kitabu chake bila kujua. Na ninafahamu ni nani niliyemwona akiketi kwenye kile kiti.

Nilifikiri kwenda Igogo siku ileile kumwambia Mama Getruda. Nikajizuia. Alikuwa bado ana miezi ya vidonge, na alivimeza, nilivyojua mimi, kwa nguvu ya mwisho ule. Nikakaa nao mwenyewe hadi aliponipigia simu mwezi wa nane kuniambia amemaliza, amepona.

Nikaenda na kitabu. Nilimkuta ufukweni kwenye vichanja, anageuza dagaa kwa mikono miwili, amenenepa. Tulicheka tulivyoonana bila barakoa. Sikuwa najua ana mwanya. Kisha nikamwambia.

Akaacha kugeuza dagaa. "Ulinidanganya."

"Sikujua mama. Nilidhani ndivyo ilivyoandikwa."

Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mkeo alirudi?"

"Hapana."

"Umemwita?"

"Hapana."

Akavuta ndoo akaigeuza, akaketi, akanionyesha nyingine. "Haya, nisomee alivyoandika mwenyewe. Taratibu."

Nikamsomea, kidole chini ya mstari, ziwa likipiga mawe kando yetu. Mara mbili neno lilinipotea akanisubiri. Nilipofika mwisho alikung'uta magamba ya dagaa mikononi.

"Miaka yote hiyo anajenga," akasema. "Alituma hata mtu mmoja kwenda kumwambia yule mama samahani?"

Nikafikiri. Kitabu kile nakijua. "Hapana. Alijenga tu."

"Basi huyo mama angeingia kufanya nini?" Akainuka, akarudi kwenye dagaa wake.

Nilisimama pembeni ya vichanja nikampigia Verdiana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke mimi kumpigia yeye, na si Anitha. Nilimwambia sikupiga simu kumwita. Nikamwambia nilijua si vumbi. Nilijua tangu mwezi wa tatu, nikaogopa, nikajificha kwenye vitabu, nikamwacha mtoto avute hewa yangu. Nikamwomba msamaha kwa zile siku tatu.

Nilisikia kuku, na mtu anatwanga.

"Macho yanaonaje?" akauliza.

"Yanaona. Ya mbali vizuri, ya karibu kwa miwani."

"Anitha anafunga shule mwezi ujao. Anataka kuja kwako wiki moja."

Nikashika mti wa kichanja. "Nitamwandalia chumba."

"Andaa," Verdiana akasema. "Madirisha uyaache wazi."

Nikamwambia nitayaacha wazi.